Barua ya wazi kwa Ofisi ya Hakimiliki: mwandikeni aliyetengeneza mdundo

Kwa: Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)
Nakala: Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA)

YAH: JINA NA FUNGU LA PRODYUZA KATIKA USAJILI WA NYIMBO

Ndugu viongozi na watumishi wa Ofisi,

Mchana wa siku yoyote ya kazi, ukiingia Mtaa wa Aggrey na vichochoro vinavyotokea Msimbazi, unasikia nyimbo nne au tano kwa pamoja. Maduka ya simu yametoa spika milangoni, na katikati yake vimebanwa vibanda vya kuingiza nyimbo: meza nyembamba, kompyuta mpakato iliyochakaa, waya wa kusomea kadi, na kijana anayemuuliza mteja kama anataka singeli, taarab, gospo au Bongo Fleva. Mteja anaacha flashi yake, anazunguka kidogo, akirudi anaondoka na nyimbo za kuwatosha abiria wa daladala mpaka Mbagala na kurudi. Ukitazama kioo cha kompyuta ile utaona faili zina jina la mwimbaji, pengine neno “mpya” au “kali”, na mara nyingi namba ya simu ya kibanda chenyewe. Jina la aliyetengeneza mdundo halimo. Lipo sehemu moja tu, ndani ya wimbo wenyewe, sekunde chache za mwanzo, pale sauti inapolitamka upesi kabla ngoma haijaanza. Prodyuza wa Dar es Salaam amelichomeka jina lake ndani ya sauti kwa sababu hakuna karatasi iliyomfungulia nafasi ya kuliandika.

Naandika kuwaomba jambo moja. Wimbo wowote unaoletwa kwenu kusajiliwa usipokelewe mpaka uwe na jina la aliyetunga na kutengeneza muziki wake, fungu alilokubaliana na mwimbaji, na saini za wote wawili. Kama nafasi hiyo ipo kwenye fomu, iwe ya lazima. Ikiachwa wazi, fomu irudishwe. Siombi sheria mpya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda muziki wenye maneno na usio na maneno, inatambua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja, na inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Haki hizo zote prodyuza anazo tayari. Anachokosa ni kuandikwa.

Yafaa kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni ipi, maana wengi bado wanamdhania prodyuza kuwa fundi mitambo anayebonyeza kitufe cha kurekodi. Katika bendi ya dansi kazi ile iligawanywa kwa watu wengi: mpiga solo, mpiga ridhimu, mpiga besi, wapuliza tarumbeta na saksafoni, mpiga tumba, mpiga drams, na mwalimu wa bendi aliyewapanga wote. Leo mtu mmoja kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani anafanya kazi ya hao wote. Anatunga besi, anachagua kinanda, anaamua ngoma iingie wapi na ikatike wapi, mara nyingi anampa mwimbaji hata melodi ya kiitikio, kisha anarekodi sauti na kuchanganya mpaka wimbo unakuwa wimbo. Ukiondoa maneno kwenye wimbo wa namna hiyo bado unabaki na muziki ambao watu watauchezea. Ukiondoa kazi ya prodyuza unabaki na shairi lisilo na ngoma. Shairi lina heshima yake, lakini halikuwa ndilo lililoletwa kwenu kusajiliwa.

Nchi hii imewahi kuwa na sheria isiyo na daftari, na matokeo yake yanajulikana. Tulikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966. Miaka yote ile ya dhahabu ya dansi, Radio Tanzania ikirekodi bendi na kanda zikinakiliwa mitaani, sheria ilikuwepo, ila hapakuwa na ofisi iliyojua wimbo gani ni wa nani na nani anastahili kulipwa nini. Ofisi yenu ilizaliwa na sheria ya 1999, yaani miaka 33 baadaye. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alizaliwa hapa hapa Kariakoo mwaka 1955, akawika na bendi ya Safari Trippers, kisha na Dar International, na nyimbo zake zikaimbwa na watu ambao hawakuwahi kumwona. Alifariki mwaka 1995, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda kwenye meza ndogo mbele ya nyumba yake. Huyo alikuwa mtunzi na mwimbaji ambaye kila mtangazaji alimtaja kwa jina. Basi fikirieni walikuwa na hali gani wapiga magitaa ambao mitindo yao ndiyo iliyofanya nyimbo zile zitambulike kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumhesabu mtunzi yule aliyeleta maneno na sauti ya kuimba. Waliojenga muziki ukumbini, mazoezi kwa mazoezi, walihesabiwa wapigaji tu. Michael Enoch alikuwa nguzo ya muziki wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na kufahamika kama Sikinde, na kila mpenzi wake analijua hilo. Kulijua kwetu kwa masimulizi hakukuwa na manufaa yoyote kwenye hesabu za mtu.

Zama za Bongo Fleva zilileta badiliko kubwa ambalo hatukulitumia. Kwa mara ya kwanza umma ulianza kununua muziki kwa kumfuata mtengenezaji. Mtu alikuwa akiuliza wimbo umetoka kwa Master J wa MJ Production, kwa P-Funk Majani wa Bongo Records, au kwa Mika Mwamba, na jibu lilimtosha kuamua. Hata hivyo biashara yenyewe iliendelea kama zamani: kanda ziliuzwa kwa jumla kutoka maduka ya Kariakoo, msanii akakabidhi kazi yake kwa msambazaji kwa bei ya mapatano, na prodyuza akaishia na malipo ya saa za studio. Jina lilikuwa kubwa mtaani na halikuwa na thamani kwenye mkataba. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilitoa hukumu iliyotikisa tasnia, pale MwanaFA na AY walipoishinda katika ngazi ile kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao kama miito. Wengi tuliishangilia hukumu ile na ilistahili. Mmoja wa wadai wale, Hamis Mwinjuma, aliteuliwa mwaka 2023 kuwa naibu waziri wa sekta hii hii, kwa hiyo hakuna haja ya kuieleza Serikali uchungu wa kazi kutumiwa bila ridhaa. Nataka kuonyesha jambo moja tu katika kesi ile: wadai walikuwa wawili, na wote wawili ni wenye sauti. Aliyetengeneza mdundo hakuwa miongoni mwao. Simlaumu yeyote kwa hilo. Nasema kwamba hata siku haki ya muziki wa Kitanzania ilipofika mahakamani kwa kishindo, ilifika bila nusu ya waliouumba.

Singeli ndiyo iliyoleta ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa tena. Muziki huu ulitoka Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa jirani, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ambako ma-DJ walichukua kipande cha kinanda cha taarab au mchiriku, wakakirudia na kukiharakisha, na waimbaji wakamimina maneno juu yake. Kasi yake ni midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Hapa nyumbani majina makubwa ya singeli ni ya waimbaji: Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Kisha mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na mambo yakageuka. Albamu zilizofuata zilibeba majalada yenye majina ya watengenezaji: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Vijana hawa walianza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya, wakasimama nyuma ya kompyuta na vinanda vyao, na watu waliolipa kiingilio walikuja kuwasikiliza wao. Msikilizaji wa kule hajui Kiswahili. Alichokiitikia ni mdundo, na aliyemtafuta ni mwenye mdundo.

Maana yake ni kwamba muziki ule ule, kutoka chumba kile kile cha Mburahati, una mwandishi mmoja ukiwa Berlin na mwandishi mwingine ukiwa Kariakoo. Ukiwa Berlin ni wa prodyuza. Ukirudi kwenye kibanda cha Aggrey unakuwa wa mwimbaji, au wa kibanda. Hali hiyo haitokani na tofauti ya akili wala ya ustaarabu. Inatokana na makaratasi. Ili albamu ifike kule, lebo ililazimika kuandika jina kabla ya kuitoa, kwa sababu maduka, mitandao na vyama vya mirabaha havipokei kazi isiyo na mwenyewe. Hapa kazi inazunguka mji mzima bila mtu yeyote kulazimika kuuliza.

Na katika safari zile za Ulaya kuna fedha ambazo wengi hawazioni kabisa. DJ anayealikwa Ujerumani hulipwa ujira wake wa jukwaani, nauli na malazi, akarudi nyumbani akidhani hesabu imekwisha. Lakini ukumbi aliopiga unalipia pia muziki uliopigwa, kupitia chama cha mirabaha cha nchi hiyo. Ujerumani ni GEMA, Ufaransa ni SACEM. Malipo hayo ni ya watunzi, wakiwa popote duniani, na vyama vya nchi mbalimbali huwa na mikataba ya kutumiana. DJ anayepiga midundo yake mwenyewe ndiye mtunzi anayestahili fedha zile. Ili zimfikie, jina lake lazima liwe kwenye daftari la chama fulani, likiwa limeunganishwa na kazi fulani na fungu fulani. Asipokuwemo, hakuna wa kutumiwa, na baada ya muda fedha za wasiojulikana hugawiwa wanaojulikana. Kijana wa Tandale anasafiri maili elfu kadhaa, anachezesha ukumbi mpaka alfajiri, na sehemu ya jasho lake inabaki kule kwa kukosa anuani.

Wafaransa wenyewe hawakuzaliwa na utaratibu huo. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikaa kwenye mkahawa mmoja jijini Paris, wakasikia muziki wao ukipigwa kuwaburudisha wateja, na ilipofika saa ya kulipa vinywaji wakagoma: kama wenye mkahawa hawalipii muziki, na wao hawalipii walichokunywa. Shauri likaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 SACEM ikaanzishwa. Hukumu peke yake isingewalipa. Walihitaji chama chenye orodha, kwa sababu mwenye mkahawa hawezi kumlipa mtu asiyemjua jina. Kariakoo ya leo ina mikahawa, saluni, mabasi na maduka yanayoishi kwa muziki kuliko Paris ile, na orodha yetu ina tundu kubwa katikati.

Watajitokeza watu wa kusema prodyuza na DJ wanaishi kwa shoo, na kwamba rekodi ni tangazo tu la kuwaitia kazi. Hoja hii inapendwa sana na mapromota na ina ukweli wa siku chache. Shoo inalipa siku hiyo hiyo. Lakini shoo inadai mwili: usiku wa manane, safari za mikoani kwa basi, masikio yanayokaa mbele ya spika kwa miaka. Ina misimu yake pia. Mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi za mji huu hutulia, na ni vyema zitulie, ila kodi ya nyumba haitulii. Mwaka 2020 ndio ulioweka wazi kila kitu. Corona ilipofunga viwanja vya ndege na kumbi za Ulaya, mialiko ya ma-DJ wetu iliyeyuka kwa wiki chache. Nyimbo zao hazikunyamaza hata siku moja. Ziliendelea kupigwa redioni, kwenye bajaji, kwenye simu za watu waliokaa nyumbani. Kazi iliendelea kutumika na mwenye kazi hakuwa na chochote, kwa sababu tulikubali kwamba mapato yake yatoke kwenye mwili wake tu. Kwa hali hiyo prodyuza akifika umri wa kutoweza kukesha, mapato yake yamekwisha, hata kama midundo yake bado inawainua watu vitini.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: biti lilinunuliwa. Mwimbaji alifika studio, akalipa, akaondoka na wimbo wake. Seremala akishakuuzia kitanda harudi kila asubuhi kudai kodi ya usingizi. Nimelifikiria pingamizi hili kwa makini kwa sababu waimbaji wanaolisema wengi nao ni masikini, na fedha waliyolipa studio waliikusanya kwa shida. Jibu langu ni kwamba kitanda kinalaliwa kwenye nyumba moja. Wimbo unanakiliwa mara elfu, kila nakala inazaa matumizi mapya, na sheria iliundwa kwa ajili ya tofauti hiyo hasa. Ndiyo sababu mwimbaji mwenyewe anadai mirabaha redioni. Hawezi kuidai kwa hoja ya kwamba wimbo si kitanda, kisha akamnyima mwenzake kwa hoja ya kwamba wimbo ni kitanda. Zaidi ya hapo, kuhamisha haki kunataka maandishi. Fedha iliyopita mkono kwa mkono pale studio ni malipo ya kazi na muda, na haiwezi kudhaniwa kuwa ni mauzo ya haki mpaka pawe na karatasi inayosema hivyo. Kama prodyuza aliuza kila kitu kwa hiari na kwa bei aliyoiona inafaa, vizuri: fomu iseme fungu lake ni sifuri na atie saini. Mtu akiliona sifuri lile limeandikwa mbele yake ndipo atakapojua anachokiuza, na bei itajadiliwa upya.

Hata akiuza mapato yote, jina halimo kwenye mauzo. Jengo la soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Hakuwahi kulimiliki na hakudai ushuru wa meza za nyanya. Lakini soko lile lilipoungua Julai 2021, aliyetaka kueleza ukubwa wa hasara hakuweza kuieleza bila kumtaja yeye, na mpaka leo historia ya jengo inaanza na jina lake. Tunaweza kumpa msanifu wa paa heshima hiyo. Hatuna sababu ya kumnyima msanifu wa wimbo.

Lipo pingamizi jingine ambalo watu wa taarab wana haki ya kulitoa, na sitalipitia juu juu. Prodyuza wa singeli anayelilia haki yake naye amechukua kinanda cha mtu. Mdundo wake umejengwa juu ya kipande cha taarab ya kisasa kilichokatwa, kikaharakishwa na kurudiwa bila mwenyewe kuombwa. Ni kweli, na si mara moja wala mbili. Ila ukweli huo unaidai fomu ninayoiomba, wala hauikatai. Maadamu hakuna anayelazimika kueleza muziki ulitengenezwaje na nani, mpiga kinanda wa taarab hana pa kushika. Siku prodyuza atakapotakiwa kuandika kazi yake kwa jina, atatakiwa pia kuandika alichoazima, na mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwepo yataanza. Wengine watapatana kwa asilimia ndogo. Wengine watajifunza kupiga vinanda vyao wenyewe, na huenda singeli ikanufaika na hilo. Siwezi kumtetea prodyuza kwa kanuni ambayo sitaki imguse yeye.

Kuhusu DJ, nakiri mpaka unahitaji busara. Anayeunganisha nyimbo za wengine kwenye ukumbi au kwenye miksi ya kuuzia flashi anafanya kazi ya ustadi, lakini hakutunga alichokipiga, na haki ya utunzi hapaswi kuidai. Anayekata, kuharakisha, kuongeza ngoma na kinanda mpaka kikatoka kitu ambacho hakikuwepo, huyo ni mtunzi hata kama jina lake linaanza na DJ. Kwenye singeli watu hawa wawili mara nyingi ni mtu mmoja, na katika usiku mmoja anaweza kuwa wa kwanza saa mbili na wa pili saa sita. Maafisa wenu watakutana na kesi ngumu. Wazisikilize moja moja na waandike uamuzi wao, ili kesi ya kumi iwe rahisi kuliko ya kwanza. Na hata DJ asiye mtunzi ana faida kwenu: yeye ndiye anayejua kwa uhakika mji huu unasikiliza nini, na orodha yake ya usiku, ikikusanywa, ingekuwa msingi wa haki zaidi wa kugawa mirabaha kuliko kukisia.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba utaratibu huu ni mzito kwa vijana wa uswahilini, kwamba hawana makaratasi wala akaunti za benki, na kwamba ukiwabana hawatasajili kabisa. Wanaosema hivyo hawajawatazama vijana wenyewe. Prodyuza wa Tandale ana namba ya NIDA na laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Anapokea malipo ya studio kwa simu na analipa umeme kwa simu. Kariakoo nzima, yenye mzunguko mkubwa wa fedha kuliko kumbi zote za muziki nchini, inafanya kazi kwa lipa namba iliyobandikwa kwenye ukuta wa duka. Mtu mwenye uwezo wa kuuza mdundo Kampala kwa kutuma faili hawezi kushindwa kujaza nafasi mbili kwenye fomu na kuweka saini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kwa wafanyabiashara wa pwani hii hii, ambao hawakuwa na benki yoyote.

Wengine wanahofia ugomvi: mwimbaji na prodyuza watashindwa kuelewana kuhusu mafungu na wimbo utakwama. Kwa kuangalia migogoro ya muziki wetu inayofika hadharani, naona mingi hulipuka baada ya wimbo kuleta fedha, wakati kila mmoja anakumbuka makubaliano kwa namna inayompendeza. Kabla ya wimbo kutoka, asilimia ni namba tu na marafiki wanaipanga wakicheka. Mkiwalazimisha kuongea siku ile, mtakuwa mmezuia kesi ambazo ofisi yenu ingelazimika kuzisuluhisha miaka mitatu baadaye bila ushahidi wowote isipokuwa meseji za simu.

Najua vilevile kwamba ulinzi wa hakimiliki hausubiri usajili. Kazi inalindwa tangu inapotungwa, na Tanzania imekubali hivyo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Kwa hiyo sishauri mumnyime yeyote ulinzi kwa kukosa saini. Nasema habari ya malipo. Mabadiliko ya sheria yamefungua njia kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha, na kuna tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, vifaa vile vile vinavyouzwa kwa katoni pale Aggrey. Ni hatua njema kuliko misako ya kuwafukuza vijana wa vibandani, ambao kwa kweli ndio mtandao mpana zaidi wa usambazaji tulio nao. Lakini fedha inayokusanywa Kariakoo itagawiwa kwa kufuata daftari. Daftari likimjua mwimbaji peke yake, tozo italipwa kwa jina la muziki na nusu ya waliotengeneza muziki haitaiona. Kosa dogo la fomu litakuwa limegeuka kosa la bajeti, na kila mwaka unaopita litazidi kuwa gumu kurekebisha, kwa sababu walioandikwa watakuwa wamezoea kupokea.

BASATA inamsajili mtu na ninyi mnaisajili kazi. Madaftari haya mawili yakisomana, prodyuza aliyejiandikisha kule angeonekana huku bila kuandikwa upya, na DJ anayeomba kibali cha kwenda kupiga nje angeulizwa pale pale kama midundo atakayoipiga imesajiliwa, ili fedha ya GEMA au SACEM imkute ana jina. Namba ya utambulisho wa rekodi ambayo dunia nzima inaitumia, ISRC, iandikwe humo humo. Naomba muanze na nyimbo mpya zinazoletwa kuanzia tarehe mtakayoitangaza. Baada ya hapo fungueni dirisha la nyimbo za nyuma, na mlifungulie uswahilini: afisa mmoja na meza moja Manzese, mwingine Gerezani, kwa wiki chache, mkiwa mmetangaza redioni. Za nyuma zina haraka kuliko zinavyoonekana. Haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, yaani ni urithi wa watoto na wajukuu, na baadhi ya watu waliokuwepo studio wimbo ulipotengenezwa wameshaanza kuondoka. Shahidi wa nani alipiga kinanda kile mwaka 2006 bado anapatikana Tandale leo kwa kuulizia kwenye kijiwe cha kahawa. Mkimfuata mwaka huu atawaeleza na kuweka saini.

Nasubiri majibu yenu kwa heshima.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mpenzi wa muziki, Kariakoo, Dar es Salaam